Chemchemi Nyuma ya Jiko la Bibi

Machi 3

Mimi ndiye katibu wa kikundi cha vijana, kwa hiyo kumbukumbu za vikao naziandika kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Zile zimejaa "wajumbe walikubaliana kwa kauli moja", hata siku ambazo wajumbe nusura wang'oane meno. Hizi za humu ni zangu peke yangu. Humu nitaandika ninavyoogopa, maana hofu nisipoitoa hainiachi nilale.

Ninachoogopa leo ni kusimama mbele ya watu. Mkaguzi wa mfuko wa vijana atakuja tarehe moja mwezi ujao kulitazama bwawa letu na kusikiliza andiko la mradi wa kulifufua. Mwenyekiti wetu, fundi simu ambaye kila mtu anamwita Spika kwa jinsi anavyopenda kusikia sauti yake, ameamua kwamba msomaji ni mimi.

"Umelipika wewe, Kunguru. Lipakue mwenyewe."

Kunguru ndiye mimi. Jina nilipewa na Bibi mzaa mama nilipokuwa mdogo, kwa ile methali ya kunguru mwoga anayeukimbiza ubawa wake. Nilikuwa namkimbia kuku. Nilikuwa naikimbia radi, na mpiga picha wa shule. Jina likatoka kwa Bibi likaenea mtaa mzima, na sasa hata wateja wa pale kibandani ninapochapa na kutoa nakala huniita Dada Kunguru, tena kwa heshima zote.

Machi 5

Kikao. Kwa mara ya kwanza nimesema jambo likasikika, acha niliandike vizuri.

Tangu mwaka jana tumekuwa tukitoa magugu bwawani. Tumetoa magugu, matairi, fremu ya kochi na kitu ambacho Mrefu, fundi baiskeli wetu, anaapa kilikuwa jokofu. Lakini maji hayakai. Upande mmoja wa bwawa kuna tuta la udongo lililojengwa na watu wa zamani, na pembeni ya tuta kuna mfereji wa kutolea maji yanapozidi, unaoyapeleka korongoni, mbali na nyumba. Mfereji huo umechimbika mno. Mvua ikinyesha, maji yanaingia huku yanaaga.

Spika alikuwa amevunjika moyo. Mkaguzi amemwambia kwenye simu, "Nikija nataka kuliona bwawa, sio kuonyeshwa shimo na kuambiwa bwawa litakuja."

Nikasema, tena kwa sauti ya chini, "Si tuuzibe mfereji kwa viroba vya mchanga? Kwa muda tu. Akishaondoka tunavitoa."

Wakatazamana. Nikadhani nimesema upuuzi. Halafu Mrefu akapiga meza, Spika akasimama akanipigia makofi peke yake, na wengine wakafuata. "Nani kasema huyu ni kunguru?" akasema. "Huyu ni mwewe."

Nimerudi nyumbani natembea kama nina deni la kucheka. Mama ameniuliza kama nina homa.

Machi 8

Tumeziba. Viroba vitupu nimeviomba kwa Mama, ambaye anauza nafaka sokoni. Wenzangu walijaza mchanga, mimi nikashona midomo kwa shazia, ile sindano ya magunia, uzi mara mbili na fundo juu ya fundo. Mama alinifundisha kwamba kiroba kinachovuja ni aibu ya mshonaji. Hivi havitavuja.

Machi 9

Mvua.

Machi 12

Baada ya kazi nimepita kwa Bibi. Nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya tuta, jiko liko nyuma, na nyuma ya jiko tuta lenyewe linapanda na nyasi zake. Nyonga yake imekataa kabisa mwaka huu. Anatembea kwa gongo, hatua moja halafu matusi kidogo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Umeniletea nini?"

"Habari njema. Bwawa linajaa."

"Habari haichemshwi." Lakini alifurahi. Alinieleza tena habari ya jiwe la kufulia, lile kubwa lililo kando ya bwawa, ambapo enzi zake wasichana walikuwa wakifua miguu ikiwa majini, na jinsi babu alivyokuwa akipita pale akijifanya anatafuta mbuzi. "Mbuzi hakuwa naye," akasema. "Nilikuja kujua baada ya ndoa."

Kwenye andiko nimeandika kwamba maji yatarudi hadi kwenye jiwe la kufulia. Niliandika kwa ajili yake.

Machi 14

Mvua tangu alfajiri. Wateja wawili kibandani, mmoja alikuja kujikinga tu.

Machi 17

Maji yamefika kwenye jiwe! Yamegusa mguu wake. Watu wamekuja na watoto, wanapiga picha, akina mama wawili wamefua leso moja moja kwa ajili ya kumbukumbu. Spika amehutubia juu ya jiwe hadi mvua ikamshusha. Alisema yote haya ni matunda ya fikra za vijana, na akaninyooshea kidole. Niliona aibu, lakini sikutaka akishushe.

Machi 19

Nyuma ya jiko la Bibi kumetokea chemchemi.

Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele yake kama anayemtazama mgeni. Chini kabisa ya tuta, palipokuwa na nyasi kavu, maji yanatoka taratibu, safi, unaona hadi punje za mchanga. Ameweka ndoo na kipande cha bati ili yatiririkie ndani. Ndoo ikijaa anaita jirani aje aitoe.

"Nilikuwa msichana mara ya mwisho kuiona," akasema. "Walisema imekufa. Kumbe ilikuwa inawangoja ninyi."

Alinipa kikombe. Nikanywa. Yalikuwa ya baridi na matamu. Kwa jinsi anavyoteseka kwenda bombani na ile nyonga, nilitaka kulia kwa furaha. Nimemwacha anawagawia majirani maji kama anagawa sadaka.

Machi 20

Spika ameenda kuiona chemchemi na amerudi anaruka. Ameniambia niiongeze kwenye andiko, sehemu ya mafanikio. Nimechapa: "Kutokana na juhudi za kikundi, chemchemi iliyokauka kwa miaka mingi imefufuka." Imekaa vizuri sana kwenye karatasi.

Machi 23

Leo nimeogopa na sijui kama nina sababu.

Nilisimama kwenye mlango wa jiko la Bibi namsubiri ajaze birika. Nikatazama tuta. Siku zote ni kilima cha nyasi tu, mbuzi wanapanda. Lakini asubuhi nilikuwa nimetoka juu, nikaona maji yamelifunika jiwe la kufulia nusu. Nikajaribu kupima kwa macho yale maji yangefika wapi kama tuta lisingekuwepo. Yangefika juu ya kichwa changu. Yangefika juu ya paa la jiko.

Nimejiambia ni woga wangu tu. Tuta lina miaka mingi kuliko Mama.

Machi 24

Mvua.

Machi 25

Mvua. Jiwe halionekani.

Machi 27

Si woga wangu tu. Acha niandike polepole nione kama nina akili.

Leo nilimmiminia Bibi maji ya ndoo kwenye mtungi. Ndoo ilipoisha, chini kulikuwa na udongo. Sio mchanga mweupe wa siku zile. Udongo mwekundu, laini, unaojaa kiganja. Nikamwuliza Bibi, akasema ni mvua imechafua juu, yakitulia ni yale yale. Nikaenda kwenye tundu lenyewe. Maji yalikuwa na rangi humo humo yanapotoka, kabla ya kuguswa na mvua yoyote.

Maji yakitoka safi, yamepenya tu. Yakitoka na udongo, udongo huo unatoka mahali. Mahali penyewe ni ndani ya tuta. Na siku zote tangu tuzibe mfereji, maji yamezidi kupanda na hayana pengine pa kwenda.

Chemchemi haikufufuka. Bwawa limepata mlango, na mlango uko nyuma ya jiko la Bibi.

Nilienda moja kwa moja kwa Spika, akiwa ameinamia simu ya mtu iliyo wazi tumbo. Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema, "Kunguru, siku zimebaki chache. Tukitoa viroba leo, siku ya ukaguzi kuna matope. Mwaka mzima wa kazi."

"Na Bibi je?"

"Bibi anafurahia maji yake. Umemwuliza Bibi kama anaogopa?"

"Haogopi."

"Basi." Akarudi kwenye simu. "Kila siku unaogopa kitu. Juzi uliogopa mkaguzi, leo unaogopa udongo. Soma andiko lako, utulie."

Nilitaka kumwambia kwamba viroba ni wazo langu kwa hiyo nina haki ya kuliondoa. Nilikumbuka yale makofi, nikanyamaza. Nimekasirika naye na nimejikasirikia zaidi.

Mama, nilipomweleza, aliacha kupepeta. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," akasema. "Mimi ningekuwa wewe ningekwenda na kicheko." Lakini kesho ni siku ya soko na mzigo unakuja, akarudi kupepeta.

Machi 28

Nimemwomba Bibi aje alale kwetu hadi ukaguzi upite. Amesema mtu haikimbii nyumba yake kwa sababu imepata maji.

Machi 29

Saa za mchana nilifunga kibanda nikaenda mwenyewe kwenye viroba. Nilitaka kutoa kimoja tu, cha juu, maji yapungue kidogo na mtu asijue. Hakikusogea. Vimelowa na kushikana, na maji yamevisukuma hadi vimekuwa kitu kimoja. Nilivuta hadi kucha ikang'oka. Juu ya tuta mtu alikuwa anapitisha mbuzi wake akaniuliza nimepoteza nini. Nikasema hereni.

Nimerudi nikachapa barua za watu hadi jioni. Mkono mmoja unadunda.

Machi 30

Mvua kubwa. Sijalala, najua sitalala. Kila ngurumo nasikia nyumba ya Bibi.

Machi 31

Nimekaa dukani kwa Mama, juu ya gunia la maharage, na naandika ili mikono ipate kazi.

Asubuhi mvua ilikuwa imekata. Nilipita kwa Bibi kabla ya kazi. Sijafika nyuma ya jiko nikasikia maji. Siku zote ile chemchemi haikuwa na sauti. Leo ilikuwa inaongea. Yalikuwa yanatoka kwa nguvu, rangi ya chai ya maziwa, tundu limepanuka, bati limesukumwa pembeni na ndoo imelala ubavu imejaa tope. Nikatazama juu. Nyasi za tuta, palepale juu ya tundu, zilikuwa zimebonyea, kama mtu amekaa.

Nilikimbia. Ndicho ninachokijua. Nilikimbia hadi kwa Mrefu, nikamkuta anafungua mlango wa karakana yake, nikamweleza kwa pumzi moja. Mrefu si mtu wa maneno. Akauliza tu, "Bibi yuko wapi?"

"Ndani."

"Nenda kwa Bibi. Mimi naenda kwenye viroba. Nampitia na Spika."

"Spika hatakubali."

"Akubali asikubali, nampitia."

Nikarudi. Njia nzima miguu ilikuwa inaniuliza kwa nini tunarudi tulikotoka. Bibi alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anapuliza moto.

"Bibi, toka. Tuta linaondoka."

"Siku hizi salamu ndiyo hiyo?"

"Shikamoo. Toka."

"Marahaba. Nimeinjika chai." Hakunitazama hata. "Tuta hilo walilijenga wanaume watu wazima, sio ninyi wa kupiga picha. Nimelikuta hapa na nitaliacha hapa."

Nikamvuta mkono. Bibi akitaka kuwa mzito anakuwa mzito. Nikamwambia kuhusu viroba, kwamba wazo lilikuwa langu, kwamba nilivishona mimi, kwamba maji anayokunywa yanalila tuta kutoka ndani. Alisema mke mwenzake anasoma sana makaratasi ya watu. Nikalia. Akasema nifute kamasi, chai inakaribia.

Nasema kweli humu, kwa kuwa ni kwangu: nilitaka kuondoka bila yeye. Mlango ulikuwa wazi na njia naijua. Nilisikia yale maji nyuma ya ukuta wa jiko na mwili wangu wote ukageukia nje. Badala yake nikakaa chini, kwenye sakafu, karibu na miguu yake. Sikuamua.

"Utachelewa kazini," Bibi akasema.

"Nitachelewa."

"Si umesema tuta linaondoka?"

"Linaondoka."

"Na wewe umekaa."

"Usipotoka sitoki."

Akapuliza moto. Akaacha kupuliza. Alinitazama muda, kwa yale macho yake yaliyoniona nikimkimbia kuku.

"Unaogopa?"

"Naogopa, Bibi."

Bibi akaweka kikombe chini, taratibu, mbali na moto. "Kunguru akikaa mahali anapopaogopa," akasema, "hapo si mahali pa kukaa. Nipe gongo langu."

Tulitoka hatua moja na matusi kidogo, hatua moja na matusi kidogo. Sijawahi kutembea taratibu hivyo nikiwa na mbio nyingi hivyo ndani. Na hakutaka tupite tu. Kila nyumba ya chini ya tuta aligonga mlango kwa gongo, akasema, "Tokeni, mjukuu wangu anaogopa," na watu, sijui kwa nini, walitoka. Jirani mmoja akamshika mkono wa pili wakaelekea kwa Mama. Mimi nikapanda juu. Kisu cha jikoni cha Bibi kilikuwa mkononi mwangu na sikumbuki nilikichukua saa ngapi.

Maji yalikuwa yamebakiza shubiri moja kuvuka tuta. Mrefu alikuwa amesimama mferejini hadi magotini. Spika alikuwa amesimama juu ya viroba, shati jeupe, viatu vimeng'arishwa. Alikuwa amevaa kwa ajili ya kufanya mazoezi ya hotuba.

"Kesho, Kunguru," akasema. "Kesho tu. Akiondoka nitavitoa kwa mikono yangu hii."

"Kesho ni mbali."

"Unaogopa, ndiyo yote. Mradi mzima ufe kwa woga wa mtu mmoja?"

"Ndiyo, naogopa. Shuka."

Hakushuka. Nikapiga magoti miguuni pake nikatafuta uzi. Kuvuta viroba nilishajua haiwezekani, lakini uzi niliushona mimi na nilijua mafundo yako wapi. Nikakata. Mchanga ukaanza kumwagika, Mrefu akashika kitambaa kilicholegea akavuta, nikakata cha pili, na cha pili kikaondoka chenyewe. Kiroba alichosimamia Spika kikazama. Aliingia majini hadi kwenye kifundo cha mguu na viatu vyake, akatoka, akanitazama kama mtu aliyewahi kumjua zamani, akaenda zake. Maji yakavichukua vilivyobaki bila kutuuliza, yakashuka kwenye korongo kwa kishindo.

Tulikaa pale, mimi na Mrefu, hadi mchana, tunalitazama tuta. Halikuondoka. Jiwe la kufulia lilitoka kichwa, likatoka mabega. Nyuma ya jiko la Bibi yale maji yakapungua, yakapungua.

Halikuondoka. Mungu ashukuriwe. Lakini sasa nani ataamini kwamba lingeondoka?

Aprili 1

Mkaguzi alikuja. Mwanamke mfupi mwenye mabuti, hakuwa na maneno mengi. Alisimama kwenye jiwe la kufulia na mbele yake kulikuwa na matope yanayong'aa, dimbwi katikati, na ndege wawili aina ya korongo.

Wanakikundi walikuwa wamepanga mstari hawanitazami. Spika alitoa salamu fupi kuliko zote alizowahi kutoa, akasema, "Katibu ataendelea."

Nilisoma. Mrefu akaja akanishikia karatasi upande mmoja. Nilipofika kwenye "chemchemi iliyokauka kwa miaka mingi imefufuka" nikaishusha karatasi. Nikasema kwamba hayo si kweli. Nikasema tuliziba mfereji ili aone maji, wazo likiwa langu, na jana nimekata viroba mwenyewe, na ndiyo maana anatazama matope.

Mkaguzi akauliza, "Tuta hili limewahi kukaguliwa na nani?"

Tulilitazama tuta.

"Kwenye andiko lenu kuna viti vya kupumzikia, kuna mitumbwi ya kukodisha," akasema. "Tuta halimo." Akafunga faili lake. "Msimu huu siwezi kuwapitisha. Andikeni upya, mlete msimu ujao." Akaondoka, mabuti yanafyonza tope.

Spika alisema neno moja tu, wala si kwangu, kwa wote. "Basi. Tumshukuru Kunguru."

Aprili 2

Hakuna aliyenijibu salamu bombani.

Aprili 4

Bibi naye amenuna. Amerudi kwake na kukuta tundu linatoa jasho tu. "Mmeniua chemchemi yangu," akasema. Nikamwambia haikuwa chemchemi. Akasema, "Ilikuwa na maji. Kitu chenye maji mimi nakiita chemchemi." Alikunywa chai bila kunipa.

Labda nilikosea. Leo nimewaza hivyo kutwa. Pengine udongo ulikuwa wa mvua, nyasi zilibonyezwa na mbuzi, na nimewanyima wenzangu mwaka wa kazi kwa sababu mimi ni mimi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuogopa hata baada ya hatari kupita, kwa kuogopa kwamba haikuwepo.

Aprili 7

Mrefu amekuja kibandani akasimama mlangoni. "Njoo bwawani. Nimemwita na mwenyekiti."

Alikuwa anaokota masalia ya viroba, maji yameshuka, na upande wa ndani wa tuta umebaki wazi. Palikuwa na tundu. Pengine la panya buku, pengine mzizi uliooza, hatujui. Mdomo wake ulikuwa laini, umesuguliwa na maji.

Spika hakunisalimu. Alichuchumaa, akaingiza mkono. Ukaingia hadi kiwiko. Akalala kwenye tope na shati lake, ukaingia hadi begani, shavu limegusa udongo. Alikaa hivyo, anatafuta kwa vidole.

"Sijagusa mwisho," akasema.

Akautoa mkono. Hakusimama. Alitazama tundu, akatazama juu ya tuta, ambalo upande wake wa pili liko jiko la Bibi, na nikaona anapima kwa macho, kama nilivyopima mimi siku ile.

"Ningesema kesho tena," akasema. "Unajua? Hata kama ungekuja na polisi, ningesema kesho."

Mrefu akaketi naye kwenye tope, na mimi nikaketi, na tukaogopa pamoja watatu. Sikuwahi kuwa na wenzangu kwenye kazi hiyo.

Aprili 10

Kikao. Wajumbe walikubaliana kwa kauli moja, na safari hii ni kweli. Andiko jipya linaanza na tuta: kulichimbua pale lilipotoboka, kulishindilia upya, kuujengea mfereji sakafu ya mawe ili usichimbike wala usizibwe na mtu. Viti baadaye. Mitumbwi imefutwa, Spika mwenyewe aliikata kwa kalamu. Ameomba niandike pia kwamba kila mwezi mtu mmoja alikague tuta.

"Nani?" nikauliza.

Wote walinitazama. Hakuna aliyecheka sana.

Aprili 12

Nimempeleka Bibi habari ya tundu. Nilimweleza yote, mkono wa Spika hadi begani, nilivyoona. Alichezea gongo lake.

"Kwa hiyo nilikuwa nakunywa tuta," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na nikawagawia majirani."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. "Lilikuwa tamu." Kisha akanisogezea kikombe cha chai.

Aprili 26

Mvua zinaisha. Bibi amehamia kwetu kwa muda, hadi tuta litengenezwe, na anamtawala Mama vizuri. Lakini kila asubuhi anataka nimpitie kwake nifungue dirisha na kufagia.

Ndoo yake bado iko nyuma ya jiko, chini ya kipande cha bati. Amenikataza kuiondoa. Kila siku naikuta kavu, naiona kwa macho kwamba ni kavu, na bado nainama naingiza mkono hadi chini.